Kichwa Kinauma Kila Mara na Shingo Inacheza Yenyewe: Mwongozo Kamili

Jicho likicheza, watu wetu hawakosi tafsiri: mgeni yuko njiani, au machozi yako karibu. Shingo ikicheza hakuna anayesema kitu. Mtu anashtuka katikati ya mazungumzo, kichwa kinavutwa upande mmoja, kisha anajipapasa kisogo na kuendelea kuongea. Nilikaa hivyo karibu mwaka mzima. Kichwa kiliniuma siku nne au tano kwa wiki, maumivu yakianzia kisogoni na kupanda hadi nyuma ya jicho la kulia, na shingo iliruka yenyewe hasa jioni, baada ya kutwa nzima mbele ya kompyuta. Nilienda zahanati mara tatu, na mara zote tatu nilirudi na vidonge vya maumivu, kwa sababu mara zote tatu nilisema maneno mawili tu: "kichwa kinauma."

Siwalaumu walionihudumia. Shingo haikuwahi kuruka mbele yao, nami sikuwa na maneno ya kuielezea. Mwongozo huu ni wa kukupa maneno hayo, na mpangilio wa kufuata, ili siku utakayokaa mbele ya daktari muda mfupi mnaopata ukatoshe. Hauchukui nafasi ya daktari.

Kabla ya yote: dalili zisizosubiri kesho

Ukiona lolote kati ya haya, acha kusoma na uende hospitali sasa hivi:

- Maumivu makali yaliyolipuka ghafla na kufika kilele ndani ya dakika moja hivi, ya namna ambayo hujawahi kuyapata maishani.
- Homa pamoja na shingo ngumu, kidevu kikigoma kufika kifuani, mwanga ukikuumiza au akili ikichanganyika. Hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na malaria kali nayo huweza kuchanganya akili. Mwenye VVU asisubiri homa: kichwa kinachouma kwa wiki kadhaa na kuzidi polepole kinatosha kumpeleka, kwa sababu fangasi wa kriptokokasi hushambulia utando wa ubongo kimyakimya.
- Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito: kiharusi.
- Taya kukaza hadi chakula hakipiti, na mwili kukakamaa kwa kila sauti au mguso, hasa kwa aliyejikata au kuchomwa na msumari: pepopunda.
- Mjamzito, au aliyejifungua karibuni, anayeumwa kichwa kikali na kuona maluweluwe au kuvimba uso na mikono. Apimwe presha na mkojo siku hiyohiyo, maana kifafa cha mimba hutanguliwa na dalili hizi.
- Kupoteza fahamu, au mwili mzima kurukaruka.
- Kichwa kilichoanza baada ya kuanguka au ajali, hata kama siku kadhaa zimepita.

Maumivu mapya yaliyoanza baada ya umri wa miaka 50, au yanayozidi kila wiki, au yanayokuamsha alfajiri ukitapika, au yanayopasua unapokohoa na kuinama, hayo nayo yapeleke mapema, ndani ya siku chache.

Kuna jambo moja linaniuma, na nitalisema waziwazi. Vinyozi wetu wengi humaliza kazi kwa masaji, na masaji humalizika kwa kushika kidevu na kisogo na kukizungusha kichwa ghafla mpaka shingo ilie. Wateja hulipenda. Lakini ndani ya mifupa ya shingo hupita mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda nyuma ya ubongo, na msokoto wa ghafla unaweza kuichana ukuta wake wa ndani. Damu ikiganda hapo huziba njia, na matokeo yake ni kiharusi, hata kwa kijana. Haitokei mara nyingi, lakini mwenye shingo inayouma na kucheza asikubali kabisa. Mwambie kinyozi akukande mabega kwa mkono, basi. Na kama maumivu mapya ya shingo na kichwa yalianza baada ya kuvunjwa shingo hivyo, yaongeze kwenye orodha ya kwenda leo.

Hatua ya 1: Tambua shingo inafanya nini hasa

Neno "kucheza" linabeba mambo mengi yasiyofanana. Simama mbele ya kioo, au mwombe mtu wa nyumbani akuangalie, kisha linganisha.

Je, kinachocheza ni nyama tu chini ya ngozi, kama kitu kinachopwita, huku kichwa chenyewe hakisogei? Mara nyingi huo ni uchovu wa misuli, usingizi mchache, wasiwasi, au chai na kahawa nyingi. Haudhuru. Unahitaji daktari kama msuli huo unasinyaa, au mkono unapoteza nguvu.

Je, shingo imekaza upande mmoja kwa maumivu, huwezi kugeuka, na ulilala vibaya au ulibeba mzigo? Huo ni mkazo wa kawaida wa misuli. Huisha ndani ya siku chache, wiki moja ukichelewa.

Je, kichwa kinavutwa kugeukia upande uleule kila mara, au kuinamia bega lilelile, na ukijaribu kukirudisha kinatetemeka? Bega la upande huo limepanda juu? Hapa fikiria distonia ya shingo. Ni hitilafu ya namna ubongo unavyoituma misuli: misuli ya upande mmoja inaamriwa kukaza wakati hakuna aliyeiomba. Huanza mara nyingi katika umri wa makamo, na wagonjwa wengi huambiwa kwa muda mrefu kwamba wamelala vibaya. Ina alama moja ya ajabu inayosaidia sana kuitambua: mgonjwa akigusa kidevu au shavu kwa kidole, au akiegemeza kisogo ukutani, shingo hutulia kwa muda. Wengine hufanya hivyo siku nzima bila kujua kwamba wanafanya. Alama ya pili ni kwamba usingizini kwa kawaida hutulia.

Je, kichwa kinatikisika kwa mdundo, kama mtu anayesema "ndiyo, ndiyo" au "hapana, hapana"? Huo ni mtetemeko. Angalia kama mikono nayo hutetemeka unaposhika kikombe, na kama mzazi wako alikuwa nao, kwa sababu aina moja hurithiwa katika familia.

Je, kabla ya kuruka unasikia hamu fulani inayopanda, kama kujikuna, na ukishatikisa shingo unapata nafuu? Na unaweza kuizuia kwa muda ukijikaza? Hiyo ni tiki. Huonekana zaidi kwa watoto wa shule ya msingi, na wengi huiacha wanapokua. Mtoto wa namna hii asikemewe wala kuchekwa, maana wasiwasi huizidisha.

Je, ni mshtuko wa ghafla, mfupi kama wa umeme? Ukitokea wakati unasinzia tu, ni wa kawaida kwa binadamu. Ukitokea asubuhi kwa kijana, mikono ikiruka hadi kikombe kinaanguka, aende akaangaliwe kama ana kifafa, hata kama hajawahi kuanguka.

Na kuna hali ambayo familia nyingi huipeleka kwa mganga. Mtu alitapika, akapewa dawa ya kuzuia kutapika, na baada ya saa chache au siku moja mbili shingo inajipinda, macho yanapanda juu, ulimi unatoka au taya linakaza. Akili yake ni timamu na anaogopa sana. Watu wanasema amepandwa na mapepo. Kinachofanya hivyo mara nyingi ni metoklopramidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil, au dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli na klopromazini. Vijana hupatwa zaidi. Hospitali wana dawa ya kuifungua, na mgonjwa hutulia haraka, mara nyingi ndani ya saa moja. Nenda na pakiti ya dawa mkononi. Hili linahusu moja kwa moja wenye kuumwa kichwa, kwa sababu dawa hiyohiyo hutolewa kwa kichefuchefu cha kipandauso. Anayetumia dawa za akili asiziache mwenyewe. Arudi kwa aliyemwandikia, abadilishiwe.

Hatua ya 2: Irekodi kwa simu

Kama utafanya jambo moja tu kati ya yote niliyoandika, fanya hili. Shingo inayocheza ina tabia ya kutulia mbele ya daktari. Weka simu kwenye rafu mbele yako, mwanga ukiwa mzuri, kifua na mabega vionekane, nguo isifunike shingo. Jirekodi dakika mbili umekaa kimya, dakika moja ukitembea, na dakika moja ukiandika au ukiongea. Kisha funga macho na uache kichwa kiende kinakotaka bila kukizuia. Hapo ndipo upande kinakovutwa hujionyesha. Mwisho, gusa kidevu kwa kidole uone kama kinatulia.

Rekodi tatu za siku tofauti zinatosha. Mimi nilikuwa na moja tu, sekunde arobaini, na daktari aliitazama mara mbili kabla hajaniuliza swali lolote.

Hatua ya 3: Daftari la wiki nne

Daftari la kawaida la shule linatosha. Kila siku mstari mmoja: tarehe, maumivu yalianza saa ngapi na kuisha saa ngapi, yako wapi (paji la uso, utosi, kisogo, upande mmoja au pande zote), makali kiasi gani kati ya 0 na 10, shingo ilicheza au la, nilimeza nini, vidonge vingapi, nililala saa ngapi, nilikula nini asubuhi. Wanawake waongeze siku za hedhi.

Baada ya wiki mbili sura itaanza kuonekana. Maumivu yanayobana kichwa chote kama mkanda, ambayo hayakuzuii kutembea wala kufanya kazi, huitwa maumivu ya mkazo, na ndiyo yaliyo mengi. Maumivu yanayopwita, mara nyingi upande mmoja, yanayodumu kati ya saa 4 na siku 3, ukichukia mwanga na kelele na ukitamani kulala gizani huku tumbo likichafuka, hayo ni ya kipandauso. Yale yanayoanzia shingoni, yakibaki upande mmoja na kuzidi unapogeuza shingo, chanzo chake huwa ni viungo na misuli ya shingo yenyewe.

Shingo na uso huambukizana maumivu, na sababu yake ni ya kimaumbile. Neva zinazotoka mifupa mitatu ya juu ya shingo huingia kwenye shina la ubongo mahali pamoja na neva inayohisi uso na paji. Ubongo hushindwa kutofautisha habari imetoka wapi. Ndiyo maana msuli uliokaza kisogoni unaweza kuumiza nyuma ya jicho, na ndiyo maana pia mtu mwenye kipandauso halisi huumwa shingo na kudhani tatizo ni mto. Maumivu pekee hayatoshi kukuambia kipi kilianza. Daftari husaidia.

Hatua ya 4: Hesabu vidonge

Hapa ndipo nilipojikuta. Nilipojumlisha mwezi wa kwanza wa daftari, siku nilizomeza dawa zilikuwa 22.

Dawa za maumivu zikitumiwa mara nyingi mno huanza zenyewe kuleta maumivu ya kichwa. Mipaka inayotumika kitabibu ni hii: parasetamoli, ibuprofeni au diklofenaki pekee, siku 15 au zaidi kwa mwezi, vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini, au dawa zenye kodeini na tramadoli, siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu mfululizo. Kinachohesabiwa ni siku, si idadi ya vidonge. Wenye kipandauso huangukia humo kirahisi, kwa sababu maumivu yao ni ya kweli na duka la dawa liko hatua kumi kutoka mlangoni.

Njia ya kutoka ni kuacha au kupunguza, na ni vizuri kujua mapema kwamba siku za kwanza ni ngumu. Kichwa huuma zaidi, kwa kawaida kwa siku mbili hadi kumi, kisha huanza kupungua, na nafuu kamili huweza kuchukua wiki kadhaa. Chagua wiki isiyo na kazi nzito. Mwambie mtu wa nyumbani unachofanya. Parasetamoli na wenzake unaweza kuziacha mara moja. Tramadoli, kodeini na dawa za usingizi usiziache ghafla, pata mpango wa daktari. Baada ya hapo, jiwekee siku mbili za dawa kwa wiki, zisizidi.

Siku unayomeza, meza kwa kipimo: mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya parasetamoli vya miligramu 500 kwa saa 24, na asome pakiti za dawa za mafua kwa sababu nyingi zina parasetamoli humohumo. Ibuprofeni na diklofenaki hazifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba bila ushauri wa daktari. Watoto wasipewe aspirini.

Hatua ya 5: Ondoa kinachokaza shingo

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne na nusu hadi tano. Kikiwa wima, mifupa hukibeba. Kikiinama mbele, misuli ya kisogo ndiyo inayokishikilia kutwa nzima. Fundi cherehani, mhasibu, mwanafunzi na anayeperuzi simu kitandani wako sawa hapa. Inua simu hadi karibu na usawa wa macho. Nyanyua kompyuta kwa vitabu. Inuka kila nusu saa, hata kama ni kwenda mlangoni na kurudi.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya utosi. Najua maji lazima yafike nyumbani, kwa hiyo sitasema uache. Kwa wiki hizi nne omba msaada, tumia mkokoteni au baiskeli, au gawa mzigo kwenye madumu mawili madogo ya mkononi yenye uzito sawa.

Mto uwe na unene wa kujaza nafasi kati ya bega na sikio unapolala ubavu. Anayelala kifudifudi shingo yake hukaa imesokotwa usiku kucha.

Jiko la mkaa lisiwake katika chumba kilichofungwa. Kichwa kinachouma asubuhi kwa watu wote wa nyumba, kikapungua wakitoka nje, kinatokana na hewa ya sumu ya mkaa, na hewa hiyo huua.

Pima macho kama hujapima kwa muda. Kunywa chai asubuhi na kitu cha kutafuna, kwa sababu kukaa na njaa huamsha kipandauso. Mzoevu wa kahawa apunguze kidogo kidogo wiki mbili kabla ya Ramadhani. Kichwa cha siku za mwanzo za mfungo mara nyingi ni kahawa iliyokatwa ghafla. Miraa na vinywaji vya kuongeza nguvu hula usingizi, na shingo hulipa deni hilo.

Hatua ya 6: Mazoezi, kwa upole

Anza na taulo lililolowekwa maji ya moto na kukamuliwa, juu ya kisogo na mabega, dakika 15. Lisiunguze.

Kisha kaa wima, tazama mbele, na urudishe kidevu nyuma moja kwa moja bila kuinamisha kichwa, kama anayetaka kutengeneza kidevu cha pili. Shikilia sekunde 5, achia. Rudia mara 10, asubuhi na jioni. Ni zoezi dogo lisilovutia, na kwangu ndilo lililofanya kazi kuliko mengine.

La pili: vuta mabega nyuma hadi mifupa ya mgongoni ikaribiane, sekunde 5, mara 10. La tatu: inamisha sikio kuelekea bega taratibu hadi usikie mvuto upande wa pili, sekunde 20 hadi 30, bila kuvuta kichwa kwa mkono.

Acha mara moja ukipata kizunguzungu, ganzi mkononi, au maumivu yanayoshuka mkono. Na kama ulichokiona kwenye kioo kinafanana na distonia, usishindane na shingo kwa nguvu. Mazoezi yake hupangwa na mtaalamu wa fiziotherapia.

Hatua ya 7: Siku ya daktari

Nenda na daftari, rekodi za simu na pakiti zote za dawa, pamoja na za mitishamba. Anza hivi: "Kichwa kinaniuma siku kadhaa kwa mwezi, hapa. Shingo inaenda upande huu bila mimi kutaka. Nimerekodi." Omba upimwe presha. Kulingana na maelezo yako anaweza kutaka vipimo vya malaria, VVU, wingi wa damu, kalisiamu au tezi ya shingo.

Picha ya eksirei usiipe uzito usiostahili. Watu wengi waliovuka miaka 40 huonekana mifupa ya shingo imelika hata kama hawaumwi chochote, na kuambiwa "mifupa imeisha" kumewatisha watu wengi bure. CT skani au MRI huhitajika pale penye dalili za hatari, au daktari akikuta kasoro alipopima neva.

Kama ni kipandauso au mkazo wa mara kwa mara, kuna dawa za kuzuia zinazomezwa kila siku, kama amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, au propranololi kwa kipandauso, ambayo mwenye pumu hapewi. Hazifanyi kazi kwa wiki moja. Zipe miezi miwili au mitatu kabla ya kuzikataa.

Kama ni distonia, omba rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Kwetu hao hupatikana zaidi katika hospitali kubwa kama Muhimbili Dar es Salaam au Kenyatta Nairobi. Tiba kuu ni sindano za sumu ya botulini kwa kipimo kidogo, zinazochomwa kwenye misuli ileile inayovuta. Nafuu huja ndani ya siku chache hadi wiki mbili, hudumu takribani miezi mitatu, kisha hurudiwa. Ni ghali na si kila hospitali inayo, kwa hiyo uliza bei na kama bima inalipa kabla hujafunga safari. Ukishachomwa, andika tarehe kwenye daftari, na pia siku ambayo shingo itaanza tena kuvuta. Tarehe hiyo ya pili ndiyo atakayoitumia daktari kukupangia sindano inayofuata.